Boksi la Mita Ukutani

Msikilizaji, ukipita Mtongwe, Mombasa, utaona nyumba mpya nzuri: geti limepakwa rangi, baraza ina vigae, na ubavuni, kwenye ukuta unaopigwa na kusi, boksi la mita limeshika kutu kabla mwenyewe hajahamia.

Boksi hilo hupokea volti 240 kutoka kwenye nguzo, nalo hufikiriwa mwisho kabisa. Fundi wa stima huulizwa bei, haulizwi upepo. Na Mtongwe upepo lazima uulizwe. Kaskazi hutujia na unyevu wa bandari ya Kilindini, kusi hutujia na chumvi ya bahari kuu, na mvua ya masika, inayokolea mwezi wa Mei, hainyeshi wima bali huchapa ukuta. Chumvi ikishatua juu ya shaba huvuta unyevu hata siku ya jua. Shaba hufanya ukijani, kiungo hulegea, na kiungo kilicholegea hupata moto ndani ya boksi lililofungwa, mtu haoni.

Dukani utaambiwa boksi ni IP65. Kipimo hicho ni cha kweli: sita, vumbi halipenyi, tano, linahimili maji ya kurushwa kwa mpira kutoka kila upande. Lakini lilipimwa likiwa zima. Fundi akilitoboa juu apitishe waya, kipimo kimekwisha. Waya uingie kwa chini, kupitia glandi iliyokazwa barabara, na kwanza ushuke chini ya tundu ndipo upande, ili maji yadondoke nje. Silikoni ipakwe juu na ubavuni, boksi linapokutana na ukuta. Chini paachwe, kwa sababu hewa ya joto ikipoa usiku hutoa maji ndani, nayo yapate njia ya kutoka. Wengi huziba pande zote nne kwa nia njema, wakayafungia humo humo.

Boksi la chuma mlango wake uungwe na waya wa athi. Watoto hucheza kando ya kuta hizi miguu mitupu, ardhi imelowa, na hapa siwezi kukubali hoja ya gharama. Swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30 nayo iwemo ndani ya nyumba.

Mimi ningechukua boksi la plastiki ngumu, skrubu za stenilesi, chini ya paa la baraza, ukuta ulioupa kusi mgongo. Hayo yaamuliwe ramani ikichorwa, plasta ikikauka umechelewa, na kazi apewe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Mliokwisha kuhamia, mwiteni fundi kabla ya masika, azime meni swichi kwanza, atazame kutu na ukijani. Mita na lakiri yake ni mali ya Kenya Power, asiziguse. Ukiona maji upande wa mita, wapigie: 97771.