Mipaka ya Mji na Haki ya Jirani

(Mada iliyotolewa kwa waamini na viongozi wa walei, Kanazi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wapima ardhi na maofisa wa mipango miji. Ni nani anayepanga matumizi ya ardhi mahali ambapo watu wamekaa tangu zamani, na anapanga kwa faida ya nani? Pengine wengine watashangaa kwamba Tume ya Haki na Amani inajishughulisha na ramani na vibali vya ujenzi. Lakini mstari mmoja uliochorwa kwenye karatasi waweza kumwacha mjane katika kibanja chake au kumtoa. Jambo lenye uzito huo haliwezi kuwa nje ya Injili.

1. Kupanga ardhi si jambo geni kwetu

Wazee wetu walikuwa na mipango ya matumizi ya ardhi kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa Bukoba. Kibanja kilikuwa cha migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya ukoo. Rweya ilikuwa ya malisho na ya kukata nyasi. Mpaka kati ya jirani na jirani uliwekwa kwa mti wa omulamula, ambao jina lake lenyewe latukumbusha kazi ya kuamua na kupatanisha. Aliyeung'oa mti huo usiku alijua ametenda kosa kwa jirani na kwa mji mzima.

Maandiko Matakatifu nayo yanafahamu mambo haya. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, kinakataza kuondoa alama ya mpaka iliyowekwa na watangulizi. Sura ya 22 inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hiyo ni kanuni ya ujenzi, nayo imewekwa kati ya amri za Mungu kwa sababu inalinda uhai wa mtu. Tena katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35, miji ya Walawi inatengewa eneo la malisho kuizunguka pande zote, lenye vipimo vyake.

Basi tusidhani kwamba kanuni za ardhi ni uvumbuzi wa serikali wa kutusumbua. Swali letu ni kama kanuni fulani ni ya haki.

2. Ramani zilizowatenga watu

Yatupasa kusema ukweli kwamba katika nchi yetu mipango ya miji ilianza vibaya. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi kwa mji wa Dar es Salaam, ambayo ilitenga sehemu za mji kwa aina ya majengo. Waingereza waliendeleza utaratibu huo katika miaka ya 1920 kwa kanda tatu: ya nyumba za Kizungu, ya biashara na makazi, na ya wenyeji. Sheria haikuhitaji kutaja rangi ya mtu kila mahali. Ilitosha kutaja aina ya nyumba, na kila mtu akajua mahali pake. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelikusudia kwa makazi ya Waafrika.

Huku kwetu Buhaya tulikuwa na jeraha letu wenyewe. Chini ya utaratibu wa nyarubanja, mtu aliweza kulima kibanja maisha yake yote, akazika wazazi wake humo, na bado akabaki mtwana wa bwana mwenye ardhi. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria mwaka 1965. Kanazi inalijua jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo palipokuwa kikale cha Omukama wa Kihanja, na jengo la enzi za Wajerumani la wakati wa Kahigi latukumbusha mambo mawili kwa pamoja: heshima ya utawala wetu wa kale, na jinsi utawala huo ulivyoshikamana na wageni wenye nguvu. Jengo la namna hiyo lastahili kuhifadhiwa. Lakini watoto wetu wasimuliwe habari yote, ya walioketi barazani na ya waliobeba mikungu ya ndizi kuileta.

3. Kanuni zinazolinda uhai

Kwa kuwa sheria za kwanza zilitenga watu, wengine wameona kwamba kuikwepa kanuni ya mji ni ujanja unaosifika. Tazameni matokeo yake. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika sehemu ya zamani ya jiji la Dar es Salaam lilianguka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoruhusiwa na kibali. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hao walikuwa wafanyabiashara, wateja na vibarua waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki.

Sisi wenyewe tulionywa tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipoupiga mkoa wetu wa Kagera. Watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za Ihungo na Nyakato zikapata hasara kubwa. Tetemeko hatuwezi kulizuia. Lakini ukuta usiofungwa vizuri, nyumba iliyojengwa kwenye mteremko unaoporomoka, banda lililosimikwa kwenye mkondo wa mto Kanoni unaofurika mvua zikizidi, hayo ni mambo ya uamuzi wa binadamu. Mwenye nyumba anayemhonga mkaguzi ili apitishe msingi dhaifu huiba uhai wa mpangaji wake. Na mkaguzi anayepokea bahasha hiyo huuza kisicho chake. Tusiite jambo hili ujanja. Jina lake ni dhambi dhidi ya amri ya tano.

4. Funzo la Mji Mkongwe wa Zanzibar

Tukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo gumu, tutazame Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za mawe zilichukuliwa na serikali, na familia zisizo na uwezo zikapangishwa vyumba humo. Lilikuwa tendo la kuwapatia maskini paa. Lakini kodi ilikuwa ndogo, matengenezo yakakosekana, mvua zikapenya, na nyumba nyingi zikaanguka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ilipatikana sheria pamoja na mpango wa hifadhi, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kanuni zake ni za kina. Mtu hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa, kuondoa mlango wa nakshi au kubadili matumizi ya nyumba bila kibali. Kuta za mawe na chokaa zinatakiwa kutengenezwa kwa chokaa, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa zamani na kuudhoofisha. Hizi ni kanuni za busara. Hata hivyo, jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafariki. Kumbe kuliandika jengo katika orodha si sawa na kulitunza.

Kuna na jambo la pili. Kadiri mji ulivyosifika, ndivyo nyumba nyingi zilivyogeuzwa kuwa hoteli na maduka ya watalii. Bei ya nyumba hupanda, na mkazi wa siku zote huanza kutazama ng'ambo. Mlango wa nakshi waweza kubaki, na mtoto aliyekuwa akicheza mbele yake asiwepo tena. Tunajifunza kwamba kanuni inayolinda mawe bila kulinda wakazi imefanya nusu ya kazi. Tunajifunza pia kwamba kumpa maskini chumba bila fungu la kukitengeneza ni kumwekea msiba baadaye. Haki ya kukaa na wajibu wa kutunza havina budi kwenda pamoja, na gharama ya kutunza urithi wa wote haiwezi kubebwa na mpangaji peke yake.

5. Sheria inasema nini

Mambo haya hayako mbali nasi. Kila penye soko na kituo cha mabasi, vibanja vilivyokaribia barabara hukatwa viwanja, na mahali paitwapo kijiji huanza kuwa mji. Yafaa basi tuzijue sheria.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuiuza kama mali yake. Sheria hiyo inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwakutanishe wenye ardhi katika eneo linalopangwa na kuweka rasimu ya mpango hadharani ili watu watoe maoni. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenyewe anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka. Hata makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969 juu ya kuyahamisha.

Tusisahau kwamba haki ya mwanamke ilipiganiwa hapa hapa kwetu. Mama mmoja wa Kihaya, aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, aliiuza mwaka 1988 kwa sababu alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Ndugu wa ukoo alipinga katika Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, akisema mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ya ubaguzi haipatani na Katiba. Sauti ya mama mzee wa kijijini imekuwa funzo katika vyuo vya sheria.

Lakini sheria nzuri yaweza kutumika vibaya. Kumbukeni habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitaka kubadili matumizi ya ardhi: shamba la mizabibu liwe bustani ya mboga. Alitoa hata fidia, shamba jingine au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Hapo Yezebeli aliandika barua zenye muhuri wa mfalme, mkutano ukaitishwa, mashahidi wawili wakasimama, wazee wa mji wakakubali. Taratibu zote zilionekana kufuatwa, ila ukweli haukuwapo. Ndugu zangu, hatia ya wazee wale yatuhusu sana sisi viongozi. Wao hawakulitamani shamba. Walinyamaza tu, na kutia sahihi.

6. Wajibu wetu

Kwanza, tuhudhurie mikutano ya kijiji na mtaa. Asiyekuwapo mpango unapojadiliwa hulalamika tingatinga likiwa mlangoni.

Pili, tuombe kuiona ramani kabla ya kuipigia makofi. Tuulize njia, shule, zahanati na mkondo wa maji viko wapi, na ni vibanja vya nani vinavyoguswa.

Tatu, kila jumuiya imjue mjane, yatima na mgonjwa asiyeweza kufika mkutanoni, imwendee na kumsomea tangazo. Tuwasaidie wanandoa kuandikisha ardhi kwa majina ya wote wawili.

Nne, tuorodheshe mahali pa kumbukumbu: makaburi, miti ya kale, majengo ya zamani, na tuyapeleke kwa maandishi kwa wapangaji wakati rasimu bado ni rasimu.

Tano, sisi wenyewe tutii. Ukijenga juu ya njia ya jirani au kwenye mkondo wa maji, usije kanisani kuomba Tume ikutetee. Haki unayoidai kwa mkubwa uitende kwa aliye jirani yako.

Mungu aliyempa kila mtu haki ya kuwa na makao atujalie hekima ya kupanga pamoja, na ujasiri wa kusema pale wazee wa mji wanaponyamaza. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogondogo

1. Katika eneo letu, ni nani aliyehudhuria mkutano wa mwisho uliohusu ardhi, na ni nani hakupewa taarifa?

2. Ni mahali gani petu pa kale tungependa wajukuu wetu wapakute, na ni nani atakayegharimia kupatunza?

3. Je, yupo katika jumuiya yetu mtu anayeogopa kupoteza kibanja chake? Tutamsaidia kwa hatua gani juma hili?