Mtumbwi Hutunzwa Maji Yakipungua

Wenzetu mliotoka Bute mtacheka: habari za mtumbwi, na kwenu hakuna mto! Ngojeni kidogo.

Sisi wa kando ya Tana tulikuwa na kosa moja. Masika yakiisha, mtumbwi wa kikundi tuliuacha juani mpaka mafuriko mengine. Mbao zikapasuka. Siku ya kuvusha mgonjwa, mmoja wetu alipiga kasia, watatu tukachota maji kwa makopo. Tuliponea chupuchupu.

Mto si wa mchezo, jamani. Aprili 2024 mafuriko yalipokata barabara ya Garissa, boti ilizama pale Kona Punda, Madogo. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi nyumbani.

Basi sasa, mvua zikishapita, tunatenga Jumamosi na Jumapili moja. Kazi ni hii:

1. Kuupandisha mtumbwi juu ya magogo, kivulini.

2. Kukwangua tope na kudunga mbao kwa kisu. Kisu kikizama, pameoza. Tunakata na kutia ubao mpya.

3. Kushindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nyufa. Ndiyo kalafati.

4. Kumimina maji ndani, mtumbwi ukiwa bado nchi kavu. Panapovuja tunatia alama, tunarudia.

5. Ukikauka, kuupaka mafuta wote.

Pamba na misumari tunachangia sote, kwa maana wote tunavuka.

Na ninyi wa Bute, je, pampu ya kisima mnaikagua lini? Kabla ya kiangazi, au siku ngamia wamekwisha fika na kiu?