KUPANDISHA NA KUSHUSHA
Maneno machache juu ya intaneti ya shule yetu

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya "Sayansi na Maendeleo". Kichwa hicho ni kikubwa mno kwa mtu ambaye maisha yake ya kazi ameyamaliza juu ya nguzo za simu, koleo mkononi. Kwa hiyo nimekipunguza. Nitasema juu ya jambo moja dogo: kwa nini intaneti inayoletwa majumbani mwetu, huku Tarime na kule Serengeti, huleta vitu upesi na kuvipeleka polepole. Nimelichagua kwa sababu mchana wa leo tutaombwa kupitisha fedha za kuingiza intaneti katika chumba cha kompyuta, na karatasi ya mkataba nimekwisha kuisoma.

Kwanza tuelewane maneno. Unapofungua video, au gazeti, kitu kinatoka mbali kinakuja kwako. Huko ni kushusha. Wasomi wanasema kupakua. Unapotuma picha, fomu au sauti yako kwenda kwa wengine, huko ni kupandisha, au kupakia. Wauzaji wa intaneti hutangaza kasi moja tu kwa herufi kubwa, nayo ni ya kushusha. Ile ya kupandisha, kama imeandikwa kabisa, utaikuta chini, kwa herufi zinazotaka miwani.

Sasa hesabu, na Kidato cha Kwanza wanaweza kunifuata. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Wengi hudanganyika hapo. Video ya megabaiti 200 ni megabiti 1,600. Ukiishusha kwa kasi ya megabiti 10 inachukua sekunde 160, hata dakika tatu hazitimii. Video hiyo hiyo ukiipandisha kwa kasi ya nusu megabiti inachukua sekunde 3,200, yaani dakika 53. Na umeme ukikatika dakika ya 50, mara nyingi unaanza upya. (Kicheko.)

Mtauliza nani aliamua iwe hivyo. Mambo haya yana historia yake. Miaka ya 1980, huko Marekani, mhandisi mmoja wa maabara ya Bellcore, Joseph Lechleider, alikuwa akitafuta namna ya kupitisha habari nyingi katika waya wa kawaida wa simu, ule wa shaba. Waya hizo zikifika karibu na kituo cha simu hufungwa pamoja mamia kwa mamia, na zikifungwa hivyo husikilizana: sauti kubwa inayotoka kituoni huizamisha sauti dhaifu inayowasili kutoka nyumba ya mbali. Lechleider akaona kwamba pande mbili zikitengwa, na upande wa kushusha ukapewa nafasi kubwa zaidi, waya ule ule utabeba mengi. Makampuni wakati huo yaliwaza kuuza sinema majumbani, na mwenye kutazama sinema hana cha kupeleka zaidi ya kusema "nipe ile". Basi katika mtambo uliotokana na kazi hiyo, ADSL, upande wa kupandisha uliachiwa kama sehemu moja kati ya kumi ya njia. Kwa sinema ulikuwa uamuzi wa akili, nami simlaumu. Lakini mazoea yalibaki hata watu walipoanza kuwa na mengi ya kupeleka.

Huku kwetu waya za shaba zilikuwa chache, tena za mjini tu. Nyumba nyingi za Tarime na Mugumu zimeipata intaneti kwa njia ya mnara, kwa simu au kwa ruta yenye laini ndani yake. Hapo sababu ni nyingine, nayo mnaifahamu tangu utotoni. Ng'ombe wakiibwa hupigwa yowe. Mwenye sauti kubwa aliye kileleni husikika bonde zima, lakini mtoto aliye bondeni akimjibu, jibu halifiki. Mnara husukuma mawimbi kwa makumi ya wati. Simu ya 4G hairuhusiwi kupita karibu sehemu moja ya tano ya wati. Kwa hiyo ukiwa mbali, nyuma ya kilima, na vilima tunavyo vya kutosha, wewe unausikia mnara vizuri sana lakini mnara unakusikia kwa shida. Simu inaonyesha mistari, video inacheza, na picha moja inakataa kwenda. Simu hurudiarudia kutuma, ikapata moto, na betri ikaisha. Nyumba zetu za bati nazo huzuia mawimbi. Ukitaka kuhakikisha, itoe ruta katikati ya nyumba uiweke dirishani upande wa mnara, upime tena.

Liko jambo jingine ambalo hata mafundi husahau kulieleza. Kushusha nako hutegemea kupandisha. Kila mzigo unaokuja kwako, kompyuta yako hurudisha stakabadhi ndogo kusema "nimepokea". Mwenzako chumba cha pili akiwa anapandisha video ya harusi, stakabadhi zako hukaa katika foleni nyuma ya video hiyo, na aliyekuletea mzigo, asipoona stakabadhi, anapunguza mwendo. Ndiyo maana mtu mmoja anayepeleka huweza kuwalaza wote wanaopokea. Fikirini chumba chenye kompyuta 40.

Wengine watasema mimi nalalamika wakati tumetoka mbali, na ni kweli tumetoka mbali. Kabla ya Julai 2009, waya wa SEACOM ulipofunguliwa Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi yetu ilipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza. Mkongo ni waya wa kioo, na katika kioo mwanga hupita pande zote mbili bila kubaguana. Njia kuu basi ni pana. Kwembamba ni pale inapoiacha barabara kuu kuingia kwako. Wazee mliovuka Kirumi kwa pantoni mnajua kwamba barabara nzuri ya pande zote mbili haikuwa na faida siku ambayo pantoni ilikuwa ng'ambo.

Nataka niseme habari ya kijana mmoja, maana ndiye aliyenifanya nisome mkataba ule mara mbili. Mwaka 2023 nilikuwa nyumbani, milimani kule Tarime. Mtoto wa dada yangu alikuwa amemaliza Kidato cha Sita na anaomba mkopo wa kwenda chuo kikuu. Siku hizi maombi hayo hufanywa kwa intaneti: fomu inachapwa, inasainiwa na wanaohusika, kisha inarudishwa kwa kupandishwa. Zilibaki siku mbili dirisha lifungwe. Alikuwa amepiga kurasa 6 picha kwa simu, kila picha megabaiti 5, na tangu asubuhi zilikuwa hazijaenda. "Mjomba," akaniambia, "inafika karibu na mwisho halafu inarudi mwanzo." Nikapima. Kushusha ilikuwa megabiti 9. Kupandisha, sehemu tatu za kumi za megabiti. Kwa kasi hiyo kurasa zake zilihitaji dakika 13 bila kukatika hata mara moja, na pale petu hakuna dakika 13 za namna hiyo. Tukazipiga skani upya kwa rangi nyeusi na nyeupe, kila ukurasa ukawa chini ya kilobaiti 150. Saa kumi na moja alfajiri, watu wamelala na mnara umepumzika, zikaenda zote kwa muda usiofika dakika moja.

Kijana wa jirani alikwenda siku ya mwisho mjini, kwenye stesheneri. Alikuta foleni, na alipofikiwa, mtandao wa duka ulikuwa umezidiwa na watu wote waliokuwa wakipandisha kwa pamoja. Saa sita usiku dirisha likafungwa. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko za mpwa wangu. Alikaa mwaka mzima akiendesha bodaboda ya mtu kati ya Tarime na Sirari, na mwaka uliofuata akaomba mapema. Mwaka mmoja wa kijana si kitu kidogo.

Vijana wa Kidato cha Sita, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: fomu isiwe picha ya rangi, na msingoje wiki ya mwisho.

Sasa wapo wanaosema, vitu vikubwa si tubebe tu kwa mkono? Siwacheki. Wilaya ya Serengeti ina mfano mzuri. Watafiti wa mradi wa Snapshot Serengeti walitega kamera 225 ndani ya hifadhi, na kati ya Juni 2010 na Mei 2013 wakapata mafungu ya picha milioni 1.2. Kamera hizo ziliweka picha katika kadi, na kadi zikafuatwa porini kwa gari. Baadaye, picha zilipowekwa kwenye intaneti, watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 wakasaidia kutambua yupi nyumbu na yupi pundamilia. Kwa kazi ya namna hiyo gari ndilo la haraka. Diski ya terabaiti moja ukiipandisha kwa kasi ya megabiti moja, utangoja zaidi ya siku 92. Ukimpa kondakta wa basi la Mwanza asubuhi, inafika siku hiyo hiyo. (Kicheko.) Lakini mwalimu anayetakiwa kupeleka alama za wanafunzi, au mwanafunzi anayetaka kuuliza swali kwa sauti na picha katika somo linalofundishwa kutoka mbali, huyo basi halimfai.

Ndiyo narudi kwenye mkataba, Ndugu Mwenyekiti. Karatasi inasema: "Kasi hadi megabiti 20." Nawaombeni mlitazame neno "hadi". Jana jioni, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nilipima kifaa cha majaribio kilichowekwa ofisini. Kushusha kulikuwa megabiti 14, si mbaya. Kupandisha, sehemu nne za kumi za megabiti. Gawanyeni kwa kompyuta 40. Leo walimu wetu hupanda bodaboda na flashi mfukoni kwenda kutuma kazi za shule mjini, na kwa mkataba huu wataendelea kuipanda, ila sasa tutakuwa tunalipa na bili ya kila mwezi.

Sipingi fedha kutolewa. Naomba zisitiwe saini leo. Muuzaji aandike kasi ya kupandisha kwa namba, na aandike kiwango cha chini ambacho haitashuka saa za masomo. Aulizwe pia gharama ya kuleta faiba kutoka barabarani hadi hapa, kwa sababu faiba ya majumbani, hata pale kushusha kunapopewa zaidi, hupandisha mara nyingi kuliko mnara. Kama faiba haiwezekani mwaka huu, basi iwekwe antena ya nje juu ya mnara wa tangi la maji, mahali panapouona mlingoti wa simu bila kilima katikati. Bei yake naamini ni ndogo kuliko ya kompyuta mbili, na wazo la kompyuta mbili za nyongeza ningeliacha kwanza.

Kifaa cha kupimia nimekikabidhi kwa mwalimu wa fizikia. Vijana sita wa Kidato cha Tatu wamejitolea kupima saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa mbili usiku, kwa wiki mbili, na kuandika namba zote mbili katika daftari. Daftari hilo litapelekwa kwa Katibu kabla ya kikao kijacho cha Kamati, na muuzaji naye aalikwe aje kulisoma.