Inzi wa Ndizi na Kifafa

Ndizi zikiiva hapa Lufingo huja wale inzi wadogo, nasi huwafukuza. Mwaka 2011, huko Ishaka, Uganda, inzi hao walifanywa walimu. Vijana wanasayansi wa Kiafrika walikusanyika Chuo Kikuu cha Kampala International kwa mafunzo mafupi ya shirika la TReND, wakajifunza kupitia kwao jinsi seli za ubongo zinavyopashana habari.

Ubongo wa inzi huyo una seli za neva zipatazo 140,000. Wa binadamu, bilioni 86 hivi. Lakini njia ni moja: umeme ndani ya seli, kemikali kati ya seli na seli. Seli nyingi zikifyatua umeme kwa pamoja, bila mpangilio, mtu huanguka kifafa.

Sasa tujiulize: mtoto anayeanguka, kwa nini tumfiche ndani tukisema karogwa? Dawa ya kifafa ya fenobabitali inatumika tangu 1912. Mpelekeni hospitali.

Na vyuo vyetu je? Ndizi tunazo, inzi tunao, vijana tunao. Kilichobaki ni darubini na nia.