Ritifaa Iliyokata Jina

Ejoka! Wanangu wahitimu, wazazi mliotoka Kakuma alfajiri, walimu, na ninyi wazee mliokuja na vigoda vyenu vya ekicholong mkijua viti havitatosha, salamu.

Nimeombwa niseme machache kabla jua la Lodwar halijatufikia humu hemani, basi nitazungumzia kitu kimoja: stringi. Wazazi, msiogope. Stringi ni maandishi ambayo kompyuta imekabidhiwa katikati ya alama za kunukuu, herufi zimefuatana kama shanga shingoni mwa mama wa Kiturkana. Tofauti ni kwamba katika lugha ya programu ya JavaScript huchomoi ushanga mmoja ukapachika mwingine. Stringi ikishatungwa haibadiliki, unatunga mpya.

Zamani kidogo nilitengeneza fomu ya kusajili wagonjwa wa zahanati moja huku kaskazini. Nikaweka kanuni niliyoiona ya busara: jina liwe na herufi A hadi Z tu, na nafasi ya jina la ukoo isiachwe wazi. Nikajaribu kwa jina langu, ikapita. Siku ya kwanza foleni ikakwama. Mzee wa Kisomali alitaja jina lake, la babake na la babu yake. Sisi tukazidi kumdai la ukoo. Mama wa Kidinka aliandika lake kama alivyofundishwa, lina ë ndani, fomu ikawaka nyekundu: "Jina si sahihi." Jina alilopewa na bibi yake! Karani akaifuta ë, akaandika e tupu, na yule mama akaondoka na kadi ya mtu mwingine. Kanuni ile niliiandika mimi, kwa mkono huu.

Wakenya wenzangu walicheka mpaka zamu yao ilipofika. Hebu andika 'Ng'ang'a' kwa alama mojamoja za kunukuu. Kivinjari kikikutana na ritifaa ya kwanza kinadhani stringi imeishia kwenye Ng. Yanayofuata hakiyaelewi, na programu inagoma. Dawa ni alama mbilimbili, au mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa. Dakika moja tu, lakini lazima kwanza ukumbuke kwamba yupo mtu anayeitwa Ng'ang'a.

Ile ë nayo ilinila wiki nzima. Inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama e inayofuatwa na vitone viwili vinavyoipanda kichwani. Kwa macho ni ileile. Ukiuliza urefu wake kwa length, moja inajibu 1, nyingine 2; ukizilinganisha kwa ===, jibu ni false. Mtoto amesajiliwa kwa simu, anatafutwa kwa kompyuta, haonekani, na mama yake amesimama hapo hapo dirishani. Tangu 2015 JavaScript ina normalize(), inayoziweka stringi za namna hiyo katika umbo moja. Zipitisheni humo kabla ya kulinganisha. Ila ɛ̈ ya Kidinka haina umbo la pamoja katika Unicode, itabaki vipande viwili. Kwa hiyo usipime jina la mtu kwa length ukamwambia ni refu mno.

Na namba za simu ni maandishi, jamani. Ukizigeuza hesabu, sifuri ya mbele inapotea.

Brendan Eich aliiandika JavaScript kwa siku 10 mwaka 1995, kule Marekani. Kambi ya Kakuma wakati huo ilikuwa na miaka mitatu, imejaa vijana waliokuja kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Yeye hakuwa na habari nao, wala simlaumu. Ninyi mmechota maji bomba moja na watu kama wao. Wageni wameandika mara nyingi eti Kakuma ni neno la Kiswahili, maana yake "pasipo popote". Kiswahili cha wapi? Hata mwenye kioski hakuulizwa. Fomu yangu ilitungwa vivyo hivyo.

Naona mwalimu ananionyesha saa. Asubuhi niliomba kuviona vyeti kabla havijagawiwa. Vyote viko sawa isipokuwa kimoja, kimeandikwa Ng, halafu karatasi nyeupe. Mwenye jina hilo, ukisikia unaitwa, pitia ofisini kwanza. Kinachapwa upya, na jenereta imeshawashwa.