Lakabu, Tusi na Idhini ya Mwenye Kuitwa



Mwezi wa Januari 2021, Chuo cha Taifa cha Lugha cha Uruguay kilitoa tamko la kukilaumu Chama cha Soka cha Uingereza kwa kumwadhibu Edinson Cavani, mshambuliaji wa Manchester United, ambaye alimjibu rafiki aliyempongeza kwa mabao yake dhidi ya Southampton kwa maneno mawili tu: «Gracias, negrito», yaani ahsante, mweusi wangu. Tangu hapo nimesikia, hata katika majilisi ya wasomi wetu, kauli kwamba lakabu iliyozaliwa kwa mapenzi husafiri na mapenzi yake kokote iendako, na kwamba anayechukizwa nayo ugenini ni mjinga wa lugha. Kauli hiyo nimekuja kuipinga.

Hoja yangu naitoa katika waraka niupendao, ripoti ya tume huru iliyosikiliza shauri la Luis Suárez, Mruguay aliyekuwa mshambuliaji wa Liverpool, na Patrice Evra, beki wa Manchester United, waliogombana uwanjani Anfield tarehe 15 Oktoba 2011. Ina kurasa 115, nami sijapata kuona mahakimu wa mchezo waliopima neno moja kwa subira kama ile. Waliwaita wataalamu wawili wa mambo ya Amerika ya Kusini, Peter Wade na James Scorer wa Chuo Kikuu cha Manchester, nao wakajibu kwamba neno «negro», ambalo Suárez alimwambia Evra, lau lilitamkwa kama alivyosimulia Suárez, lisingekuwa tusi kwao Uruguay. Walakini lau lilitamkwa kama alivyosimulia Evra, lingekuwa tusi huko huko Uruguay. Tazameni jibu hilo linavyoing'oa kauli ya wapinzani wangu: neno halikuhitaji kuvuka bahari ili lichafuke. Ndipo tume ilipoyatazama mazingira. Suárez alikuwa amempiga Evra teke gotini. Evra akataka kujua sababu, tena akaanza yeye kwa matusi ya Kihispania, jambo ambalo tume haikulificha. Katika majibizano Suárez akamfinya ngozi ya mkono. Kwanza alidai kwamba alifinya ili kutuliza ugomvi, na alipohojiwa sana dai hilo likamshinda. Akafungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000.

Hata kwetu lakabu hufuata sheria hiyo hiyo. Utotoni mwangu jamaa yetu mmoja aliitwa Makaa na wenziwe wa barazani, naye alijiita hivyo mwenyewe kila alipobisha hodi. Siku tulipopeleka posa yake, mjomba wa binti, aliyeketi karibu na sinia ya kahawa, aliuliza kwa sauti ya upole kabisa: «Ndiye yule Makaa mnayemwombea?» Mzee wetu akakirudisha kikombe siniani kikiwa kimejaa, akakusanya kanzu yake, akainuka, nasi tukamfuata. Upole wa sauti haukumfaa kitu mjomba yule, kwa kuwa hakupewa yeye ruhusa ya kulitumia jina lile. Watani wetu nao, Wazaramo na Wanyamwezi, huambiana maneno mazito hata msibani, lakini asiye mtani akithubutu kuyasema hushikwa kwa ufedhuli wake.

Nakiri kwamba shauri la Cavani lina uzito wake, maana alifungiwa mechi 3 na kutozwa pauni 100,000 ilhali waamuzi wenyewe walikubali kwamba hakukusudia kutukana. Hapo nasimama pamoja na wanachuo wa Uruguay: alimwita rafiki yake, na kwa itikadi yangu idhini ya lakabu ni milki ya mwenye kuitwa, si ya kamusi wala ya chama cha soka. Walakini anayetaka kumtakasa Suárez kwa hukumu ya Cavani amekosa njia, kwani Evra, mzaliwa wa Dakar, hakuwa sahibu yake wala mtani wake, na hata angeitwa kwa lakabu tamu kuliko zote za Montevideo, kwa mkono ule uliokuwa ukimfinya, ingekuwa tusi.