Kila mtu na chupa yake: adabu na ukarimu katika vikao vya kuonja bia

Mwaliko huja kwa maneno machache: Jumamosi jioni, nyumbani kwa fulani, kila mtu aje na chupa. Kwa Mswahili anayeishi Chicago, Manchester au mji mwingine wa Marekani na Uingereza, mwaliko wa namna hii kutoka kwa mfanyakazi mwenzake au jirani si jambo geni tena. Hakuna karamu inayoandaliwa wala ngoma inayopigwa. Watu wanane au kumi huketi kuizunguka meza, chupa hufunguliwa moja baada ya nyingine, na kila mmoja humiminiwa kiasi kidogo ili aonje na kutoa maoni yake.

Nyuma ya maneno hayo machache kuna kanuni ambazo mwenyeji hazisemi, na mgeni huzijua pale anapokuwa amekwisha kuzivunja. Alete nini? Ya bei gani? Chupa yake isipofunguliwa, airudishe nyumbani? Na asiyetumia kileo, je, ana nafasi katika meza hiyo? Makala haya yanayatazama maswali hayo, ambayo kwa kweli yanahusu utu na heshima zaidi ya kinywaji chenyewe.

Desturi ilikoanzia

Kuonja bia kwa pamoja kama inavyofanyika leo kumekua sambamba na kufufuka kwa watengenezaji wadogo wa bia. Nchini Uingereza, kundi la wanywaji lililochoshwa na bia za viwanda vikubwa lilianzisha mwaka 1971 chama cha kutetea bia za asili, kinachojulikana kwa kifupi kama CAMRA. Huko Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini mwezi Oktoba 1978 sheria iliyowaruhusu wananchi kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yao bila ya kulipa kodi ya serikali ya shirikisho. Majimbo yaliifuata sheria hiyo kila moja kwa wakati wake, na ya mwisho, Alabama na Mississippi, yaliruhusu utengenezaji huo mwaka 2013.

Matokeo yake ni makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Leo vipo zaidi ya 9,000, vingi vikiwa vidogo vinavyouza bia yao katika mji mmoja au miwili tu. Hakuna mtu mmoja awezaye kuzinunua bia hizo zote, na ndiyo sababu watu wakaanza kukusanyika. Anayesafiri hurudi na chupa ya mbali, anayetengeneza mwenyewe huleta ya jikoni kwake, na wote hufaidika.

Hesabu ya chupa

Kanuni ya kwanza ni ya hesabu. Chupa kubwa ya mililita 750 ikigawiwa watu kumi, kila mmoja hupata mililita 75, kiasi cha mikupuo mitatu hivi, nacho kinatosha kuijua bia. Chupa ndogo ya kawaida ya Marekani, yenye mililita 355, ikigawiwa watu hao hao, kila mmoja hupata mililita 35 tu. Kwa hiyo mgeni mwenye busara huuliza kwanza idadi ya watakaokuwapo, kisha huleta chupa moja kubwa, au mbili ndogo za aina moja.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi, nayo inahusu thamani. Watu wa vikao hivi hawasemi kwamba chupa lazima iwe ghali. Wanachotarajia ni ichaguliwe kwa fikira. Bia ya bei nafuu kutoka kiwanda kidogo cha mtaani kwa mgeni, ambayo wenzake hawajapata kuionja, hupokewa kwa furaha. Kinachowaudhi ni mtu anayechukua kopo la kwanza analoliona dukani, bia ambayo yeye mwenyewe haitaki, akaliweka mezani, kisha jioni nzima akawa wa kwanza kuinyoshea bilauri chupa bora za wengine. Mtu huyo ametimiza sharti la kuleta, lakini moyo wa sharti hilo ameuacha nyumbani.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo husemwa mara chache kwa sababu limevaa nguo ya ukarimu. Ni la yule anayeleta chupa adimu mno, akataja bei yake mara tatu, akasimulia saa alizopanga foleni, hata wenzake wakaona haya kuzitoa walizokuja nazo. Bahili amechukua zaidi ya alivyotoa, naye mwenye majivuno ametoa kwa namna inayowanyang'anya wengine furaha ya kutoa. Wote wawili wameuharibu usawa, ambao ndio unaokifanya kikao kiwe kikao.

Adabu za mezani

Chupa ni ya aliyeileta mpaka atakapoifungua mwenyewe au atakapomwomba mwenyeji aifungue. Kufungua chupa ya mtu aliyetoka nje kidogo ni utovu wa adabu. Mwenye chupa huinusa na kuionja tone, ahakikishe haijaharibika, kisha huwamiminia wenzake sawasawa na kujimiminia mwisho. Yule aliyeko jikoni au anayezungumza kwa simu huwekewa fungu lake.

Bia nyingi za watengenezaji wadogo huchachukia ndani ya chupa na kuacha mashapo chini. Chupa za aina hiyo hufaa zisimamishwe wima tangu siku iliyotangulia na zibebwe kwa utulivu njiani. Anayemimina huinamisha chupa mara moja tu na kuwagawia wote bila ya kuisimamisha tena, la sivyo mashapo hutibuka na wa mwisho hupata tope.

Mpangilio nao una maana. Huanzwa na bia nyepesi, zikafuata zenye uchungu wa hopsi, na mwisho huja zile nyeusi na nzito ambazo kileo chake hufika asilimia 10 au zaidi. Ukianza na nzito, ulimi hauzisikii tena nyepesi, na aliyeleta bia nyepesi ataonekana ameleta maji. Kwa hiyo kupanga vizuri ni njia ya kuilinda heshima ya kila mgeni. Bia nyepesi huonjwa ikiwa baridi, ilhali nyeusi nzito huachwa ipate joto kidogo, kiasi cha nyuzi 12 za Selsiasi, ili harufu zake zifunguke. Mgeni asijipake manukato makali, kwani pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi.

Wakati wa kutoa maoni ndipo ulimi hupimwa kwa namna nyingine. Bia iliyokaa kwenye mwanga wa jua hupata harufu kali mithili ya kicheche, kwa sababu mwanga huvunja kemikali zilizotokana na hopsi, na chupa za rangi ya kahawia hukinga vizuri kuliko za kijani au nyeupe. Mtu muungwana huitaja kasoro hiyo kama jambo lililoipata chupa, wala hamhukumu aliyeileta. Bia iliyotengenezwa nyumbani inahitaji uangalifu zaidi. Mtengenezaji mara nyingi anataka ukweli ili arekebishe, lakini ukweli huo husemwa baada ya kutaja kilicho kizuri, na ikiwezekana kando.

Chupa isiyofunguliwa huzua mashaka. Desturi iliyo bora ni aliyeileta kumwachia mwenyeji, naye mwenyeji kumwambia aichukue. Kila mmoja akimsukumia mwenzake, hapana atakayekuwa amepoteza.

Adimu isigeuke biashara

Tatizo lililoongezeka katika miaka ya karibuni ni chupa adimu kununuliwa na kuuzwa tena kwa bei ya kuruka. Mfano unaojulikana ni wa watawa wa abasia ya Saint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji. Watawa hao hutengeneza bia kwa kiasi cha kukidhi mahitaji ya maisha yao, huuza kwa kipimo, na huwataka wanunuzi wasiiuze tena kwa faida. Mwaka 2012 walikubali kuisafirisha ng'ambo ili kupata fedha za ujenzi wa abasia yao. Hata hivyo chupa zao bado huonekana mikononi mwa walanguzi. Anayeileta chupa kama hiyo mezani na kuigawa bila ya kudai kitu anairudisha katika nia ya walioitengeneza.

Mtungi na chupa

Wasikilizaji kutoka Afrika Mashariki na Kati hawawezi kuliona jambo hili kuwa jipya. Wachaga wa Kilimanjaro hupokezana kata ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, katika mahari, misiba na upatanisho. Wateso wa Uganda na Kenya huketi kuuzunguka mtungi wa ajoni, pombe ya ulezi inayoongezwa maji ya moto, kila mmoja akiwa na mrija wake mrefu. Huko Burundi pombe ya mtama iitwayo impeke nayo hunywewa kwa mirija kutoka katika chungu kimoja.

Tofauti yao na vikao vya ughaibuni ni moja, nayo ni kubwa. Mtungi hauna jina la mtu aliyechangia nini. Ulezi wa tajiri na ulezi wa maskini ukishachachuka pamoja, hakuna mrija unaoweza kuutenga. Chupa, kinyume chake, inabaki na karatasi yake na jina la mwenyewe mpaka tone la mwisho, na ndiyo maana hulinganishwa. Adabu zote zilizotajwa hapo juu, za kumimina sawasawa, kujimiminia mwisho na kutotaja bei, ni juhudi ya kuzigeuza chupa kumi ziwe mtungi mmoja.

Kipimo na haki ya kukataa

Ukarimu unaodhuru si ukarimu. Watu kumi wakileta kila mmoja chupa ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 10, na zote zikafunguliwa, kila mmoja atakuwa amekunywa mililita 75 za kileo halisi. Kwa hesabu ya Uingereza hizo ni yuniti saba na nusu. Ushauri wa matabibu wa serikali ya nchi hiyo tangu mwaka 2016 ni mtu asizidishe yuniti 14 kwa wiki nzima. Mwenyeji mwenye hekima hufungua nusu ya chupa na nyingine akaziweka kwa siku nyingine. Huweka pia maji, mkate, na jagi la kumwagia kinachobaki katika bilauri, na hakuna anayepaswa kukasirika bia yake ikimwagwa humo.

Madereva wana hesabu yao. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza na Wales ni miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, lakini Scotland kilishushwa hadi 50 mwaka 2014. Nchini Marekani kiwango ni asilimia 0.08, isipokuwa Utah ambako ni 0.05 tangu mwisho wa mwaka 2018. Katika nchi za Ghuba sheria ni tofauti kabisa, na Kuwait imepiga marufuku kileo moja kwa moja.

Asiyekunywa, kwa dini yake, afya yake au hiari yake, haulizwi sababu. Katika Oman mgeni aliyetosheka na kahawa hutikisa finjani yake kidogo, na anayemimina huacha papo hapo bila ya kusema neno. Meza ya bia ingefaa kujifunza hapo: mkono uliowekwa juu ya bilauri uwe jawabu kamili.

Kwa mgeni ambaye mshahara wake haujafika, hakuna haja ya kujificha. Wawili wanaweza kununua chupa moja kwa pamoja, au mtu akaja na mkate, jibini, au korosho za kukaanga. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini walisema pia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na baada ya kikao, anayebaki nyuma akaosha bilauri na kukusanya chupa tupu hualikwa tena kabla ya aliyeleta chupa ya bei kubwa.